Namna ya Kuihukumu Kamera Mpya kwa Siku Moja Igogo, Bila Kufungua Kitabu Chake

Umenunua kamera, au uko dukani unainunua. Hongera sana. Kufikia kesho jioni nusu ya Igogo, mtaa wetu hapa Mwanza, itakuwa imeshajua, maana utaivaa shingoni hata ukitumwa chumvi, na hakuna ubaya: kamera iliyofungiwa kabatini haijawahi kumletea mtu picha wala sifa. Lakini sifa ina masharti. Jirani wa kwanza atauliza bei, wa pili atauliza kama inapiga vizuri, wa tatu atataka apigwe papo hapo. Inabidi uijue kamera yako kabla hawajaijua wao. Kitabu cha maelekezo kina kurasa tele, na maabara za majuu hupima kamera kwa chati na taa maalumu. Wewe una kilima cha mawe, ziwa, dagaa, bodaboda na majirani wenye midomo. Huo ni mtihani mkali kuliko wa maabara, na haulipiwi ada. Zifuatazo ni njia za mkato. Zote ni halali, na zote zinafanya kazi.

1. Kagua kabla muuzaji hajabadili namba ya simu

Kamera nyingi zinazotufikia zimeshapita mikononi mwa wengine, hata zikija ndani ya boksi linalong'aa. Usione haya. Ukiwa bado dukani fanya mambo matatu. Kwanza, washa tochi ya simu uimulike lenzi kwa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zimetanda ndani ya kioo, hizo ni fangasi wa unyevu. Irudishe mezani na uage. Pili, funika lenzi kwa kifuniko chake, piga picha ya giza ya sekunde chache, kisha uikuze. Nukta moja au mbili zinazowaka zinavumilika. Utitiri wake hauvumiliki. Tatu, bana tundu la lenzi hadi f/16, toka nje, piga anga tupu. Madoa yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi lililokaa juu ya sensa, kibamba cha ndani cha kupokea mwanga. Vumbi husafishika, kwa hiyo usiikatae kamera: omba upunguziwe bei.

Kama ni kamera kubwa ya DSLR, uliza shata yake imeshapiga mara ngapi. Nyingi za daraja la kuanzia hukadiriwa kuhimili mara 100,000 hivi. Muuzaji akijibu "kidogo tu", omba namba. Kwa baadhi ya kamera namba hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha, na zipo programu za bure za kuisoma. Wakati wote huo uso wako uwe wa mtu aliyeshanunua kamera nyingi. Ukitabasamu mapema, bei inapanda.

2. Kiache kitabu, jifunze vitufe vinne

Kitabu ni kirefu kwa sababu kinaeleza kila kitu. Wewe huhitaji kila kitu. Zungusha gurudumu la juu hadi herufi P, kisha vitafute vitufe vinne. Cha kwanza kina alama ya kujumlisha na kutoa: hicho huongeza au kupunguza mwanga wa picha. Cha pili ni ISO, kinachoamua kamera ihisi mwanga kwa ukali gani. Cha tatu ni cha kuchelewesha shata kwa sekunde 2. Cha nne ni cha kuitazama picha uliyopiga na kuivuta karibu.

Fanya mazoezi chumbani, usiku, taa ikiwa imezimwa, mpaka vidole vivijue bila macho. Watu humpima mpiga picha kwa mikono yake kabla hawajaona picha hata moja. Anayebonyeza bila kutazama huitwa fundi, anayegeuzageuza kamera akitafuta kitufe huambiwa, "Kaka, umeazima?"

3. Andaa jibu la megapikseli

Utaulizwa tu. Kuanzia Igogo, Mkuyuni, Butimba hadi Nyegezi, swali la kwanza mbele ya kamera ni moja: "Ina megapikseli ngapi?" Muulizaji ana haki ya kujibiwa. Mjibu kwa takwimu zinazofunga mjadala.

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliunda kamera ya kidijitali ya kushika mkononi iliyokuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi. Ilipiga picha ya pikseli 10,000, rangi nyeusi na nyeupe, na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Leo picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, inataka megapikseli 2 na kidogo. Ya ukubwa wa A4 haifiki 9. Televisheni ya 4K, ile ya wenye nazo, inaonyesha megapikseli 8.3 tu. Kwa hiyo 12 zinatosha, 16 zinazidi, na 24 ni utajiri.

Muulizaji akishatulia, mpe jambo la maana zaidi: ukubwa wa sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya kamera nyingi ndogo za mfukoni ina eneo la milimita za mraba 28 hivi. Sensa kamili ya milimita 36 kwa 24 ina 864, yaani karibu mara 30. Kibamba kikubwa hukusanya mwanga mwingi, na mwanga mwingi ndio unaoleta picha safi saa 2 usiku. Sema hivyo, halafu nyamaza. Ukinyamaza kwa wakati unaonekana mjuzi, na safari hii ulichosema ni kweli tupu.

4. Panda mawe asubuhi, jua likubebe

Hii ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote: kamera ya laki tatu na kamera ya milioni tatu hukaribiana sana saa 1 asubuhi. Mwanga wa asubuhi ni laini, una rangi ya dhahabu na huja kwa ubavu, ukikichonga kila kitu. Hapa Mwanza jua huchomoza karibu saa 12 na nusu au baada ya hapo kidogo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linapanda wima na haraka. Una saa moja. Usiimalize kwa kunywa chai.

Panda kilimani, mahali jua linapopiga, utafute jiwe kubwa lenye uso ulionyooka. Mawe yetu ya granaiti yana punje ndogondogo za rangi mbalimbali, na punje hizo ni chati ya bure. Simama mbele ya jiwe, kamera ikiwa imelielekea sawasawa, piga, kisha ikuze picha kwenye kioo. Tazama katikati: punje zionekane moja moja. Tazama pembe nne: zikififia kidogo zote kwa usawa, hiyo ni kawaida ya lenzi. Lakini pembe za kushoto zikiwa kali na za kulia zimefifia, au kinyume chake, rudia mara kadhaa. Ikibaki hivyo, vioo vya ndani ya lenzi havijakaa sawa. Hapo hakuna cha kujifunza wala kuzoea. Irudishe leo hii, dai la leo lina nguvu kuliko la wiki ijayo.

5. Mwache mjusi aipime fokasi

Shuka taratibu, jua likianza kuwaka mawe yatapata wenyeji. Mjusi dume wa mawe yetu, ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji huu, ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu. Ughaibuni wamempa jina la Spider-Man kwa sababu ya rangi hizo. Anapenda kuota jua mahali pa wazi, anatikisa kichwa, na hapendi papara.

Msogelee hatua moja, tulia, hatua nyingine, tulia. Lenga jicho. Kamera nzuri italishika jicho hata akitikisa kichwa. Kamera dhaifu italishika jiwe la nyuma yake na kukuachia mjusi wa ukungu. Kisha itazame rangi nyekundu ya kichwa. Ukiona bado mikunjo na magamba yake, kamera inaijua rangi. Ukiona doa moja jekundu lisilo na chochote ndani yake, kamera inapenda kupaka rangi kupita kiasi. Ingia kwenye mipangilio upunguze ukolezo. Hamaki zako zote zimalizie kwa mjusi. Yeye akikimbia, kuna mwingine jiwe linalofuata. Bibi harusi akikukimbia, hakuna mwingine.

6. Piga uso kabla ya mandhari

Mandhari hayadai. Uso unadai, na uso ndio utakaokulipa. Kwa hiyo hukumu nusu ya kamera hapa.

Fahamu kwanza jinsi kamera inavyofikiri. Haijui imeelekezwa kwa nani. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kuuvuta uwe wa kijivu cha katikati. Mweke dada mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera itaushusha ukuta, na uso utazama gizani pamoja nao. Bonyeza kitufe cha kujumlisha, nenda +1, piga tena. Sasa mvute karibu mpaka uso wake ujaze picha: kamera inaweza kumpandisha mpaka ngozi ipauke. Hapo punguza, nenda -0.7 hivi. Ukishalijua hilo umewazidi wengi wanaotembea na kamera za bei mbaya.

Jambo hili lina historia. Maabara za filamu za rangi za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na kwa miaka mingi ngozi zetu zilitoka kwa bahati. Picha nyingi za familia za zamani zina watu tunaowatambua kwa meno na mashati. Kizazi chetu hakina sababu ya kurudia hayo. Usikubali picha ambayo ngozi imegeuka majivu wala iliyoiva wekundu. Mchukue mtu kibarazani, kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja, tazama kama kahawia yake ni kahawia na kama mng'ao wa paji la uso umebaki.

Na hapa ujanja unaruhusiwa, tena una mababu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja, na familia yake ikaendelea kuwapiga watu walivyotaka kuonekana. Mombasa, wapiga picha wa kivukoni Likoni walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mtu aliyekuwa hajawahi kupanda ndege akaondoka na picha yake ugenini. Kwa hiyo tundika kitenge ukutani. Mzee wa heshima mpige kamera ikiwa chini kidogo ya macho yake. Mwenye kidevu cha ziada mpige kutoka juu kidogo. Mwambie amependeza kabla ya kubonyeza, wala si baada. Kila mtu anataka kuwa mzuri kidogo kuliko alivyoamka. Kazi yako ni kumkubalia.

7. Nenda Mwaloni, lakini salimia kwanza

Saa 4 asubuhi panda daladala hadi Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwaloni. Pale pana mtihani ambao kamera nyingi hufeli: dagaa wakavu wanaong'aa juani, mbeba gunia mweusi aliyeloa jasho, na kivuli kizito chini ya paa, vyote katika picha moja. Washa ile alama inayopepesa sehemu zilizoungua kwa mwanga. Dagaa wakipepesa wote, shuka -1 upige tena. Mwanga ulioungua haurudi hata ukihariri usiku kucha. Kivuli huwa kinaokoleka. Kamera inayokuachia magamba ya dagaa na macho ya mbebaji kwa pamoja ni kamera ya kuoa.

Usifyatue kabla hujasalimia. Watu wa samaki wa Mwanza wana sababu ya kuitazama kamera kwa jicho la pembeni. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ilipigwa hapa hapa ikawaonyesha duniani kwa namna ambayo wengi wao hawakuipenda. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Kwa hiyo sema "Shikamoo", au "Mwangaluka, mayu" kama unamwona ni mama wa Kisukuma. Eleza unachofanya. Nunua dagaa wa kiasi. Anayenunua hupigiwa pozi, na jioni utakuwa na kitoweo hata kama picha zote zimekataa.

Angalizo moja lisilo na njia ya mkato: Igogo imepakana na bandari ya Mwanza Kusini na reli. Geti, mlinzi, askari, meli iliyofunga gatini: omba ruhusa kwanza, ukinyimwa shukuru uondoke. Hakuna picha ya kamera mpya inayostahili kuifanya ilale kituoni.

8. Mchana, ifunge kamera ule

Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45, nasi Mwanza tuko karibu na 33. Ndiyo maana jua letu hufika juu kabisa karibu saa 7 kasorobo mchana. Saa hiyo linapiga utosini, macho yote yanakuwa mashimo meusi, na hakuna kamera itakayokutoa. Ingia kwa mamantilie, agiza ugali na sato, na uipime kamera ukiwa umekaa.

Pima kadi ya kumbukumbu. Kadi bandia ni nyingi: imeandikwa GB 128 lakini ndani haina hata robo yake, na haisemi. Inakubali picha zako kwa adabu, kisha inazila. Dawa ni kuijaza. Weka video irekodi mpaka kadi ijae, halafu fungua faili la kwanza, la kati na la mwisho. Yote yakifunguka, kadi ni yako. Video hiyohiyo itakuonyesha mambo mengine mawili bila gharama: betri inadumu muda gani, na kama mwili wa kamera unachemka hadi kujizima. Ile idadi ya picha iliyoandikwa kwenye boksi ni ya vipimo vya kiwandani. Matumizi yako ndiyo kipimo. Ukienda harusini, idadi ya betri utakazobeba inaamuliwa leo, juu ya meza ya ugali.

9. Simama Barabara ya Kenyatta, umsubiri bodaboda

Saa 10 jioni mwanga unarudi kuwa wa kibinadamu. Zungusha gurudumu hadi S, au Tv kwa kamera za Canon, weka 1/1000 ya sekunde. Bodaboda atagandishwa na mchanga wake hewani. Washa upigaji mfululizo, mfuate akija, kisha hesabu picha zilizo kali. Nusu zikiwa kali, kamera yako inaweza kwenda uwanja wa CCM Kirumba.

Zikiwa chache, tumia ujanja wa wazee wa magazeti, waliopiga picha za mpira miaka mingi kabla kamera hazijajua kulenga zenyewe. Chagua alama barabarani, kiraka cha lami kinatosha. Ilenge, funga fokasi hapo, mngoje bodaboda aifikie, bonyeza. Kamera haikumfukuza, yeye ndiye aliyekuja. Atakayeiona picha hatajua tofauti, na hana haja ya kujua.

Kisha shuka hadi 1/30, umfuate kwa kuzungusha kiuno huku ukibonyeza. Nyingi zitaharibika. Ile moja itakayokubali itakuwa na dereva mkali na maduka yote ya nyuma yamekuwa michirizi ya rangi. Onyesha hiyo moja. Nyingine hazikuzaliwa.

10. Jioni, piga kinachopigwa na kila mtu

Watakaokwambia utafute kitu kipya, waache. Nenda Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Kila mtu ameshalipiga, na hiyo ndiyo faida yake: picha yako itapimwa na za wengine, na kwa dakika chache utajua kamera yako iko daraja gani. Jua huzama karibu saa 1 kasoro. Shuka -1 ili jiwe liwe jeusi na anga iive. Halafu tazama mahali rangi ya machungwa inapogeuka bluu. Kamera nzuri huipitisha taratibu. Kamera dhaifu huikata mistari mistari.

Kama hujawahi kufika Serengeti na unataka kuonekana mpiga picha wa wanyama, mji umekuandalia kongoti. Ni ndege mkubwa, ana upara wa kizee, anakaa juu ya mti kwa subira kubwa na harukiruki ovyo. Piga kichwa peke yake, karibu, mandhari ya nyuma yawe yamefifia. Ukitaka kupanda daraja, siku nyingine lipa boti na kiingilio uvuke hadi kisiwani Saanane, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini. Kuna swala pala na pimbi. Ukiandika chini ya picha "Hifadhi ya Taifa", umesema kweli, hata kama ulirudi mjini kula chakula cha mchana.

11. Usiku, hesabu chenga

Hapa ndipo kamera hutengana. Rudi kilimani, utazame taa za nyumba zilizopanda juu ya mawe. Usiku wa giza la mwezi, tafuta pembe inayoona ziwa. Ukiwa na bahati utaziona na taa za wavuvi wa dagaa majini. Huna tripodi? Una mawe. Kunja kanga au fuko la mchele, ilaze kamera juu yake, weka kuchelewesha kwa sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, rudi nyuma.

Kisha ifanyie kamera mtihani wa mkononi. Mweke rafiki chini ya taa ya duka, piga kwa ISO 800, 1600, 3200 na 6400. Zikuze zote usoni. Mahali ambapo chenga zimeanza kula nyusi, hapo ndipo mpaka wake. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike chini ya kamera. Hiyo ndiyo namba pekee unayopaswa kuikariri, na ina thamani kuliko zote zilizoandikwa kwenye boksi. Ukitaka kupita mpaka huo, mvute mtu karibu na taa. Hatua mbili kuelekea balbu ni nafuu kuliko lenzi mpya.

12. Futa bila huruma

Umerudi na picha mamia. Hakuna atakayeziona zote, na asizione. Chagua kumi. Ukiwaonyesha watu kumi nzuri, watadhani zote ziko hivyo; ukiwaonyesha mia, watakumbuka ile ya jicho lililofumba. Anayeitwa mpiga picha hodari amejifunza kuficha kabla ya kujifunza kupiga.

Usiihukumu kamera kwa picha iliyopita WhatsApp. Mtandao huo huzibana picha ili zisafiri haraka, na kamera ya milioni tatu ikipita humo inashushwa hadi kulingana na simu. Ukilazimika, tuma kama dokumenti. Hukumu ya haki iko kwenye karatasi: chapa kumi zako kwa sentimita 10 kwa 15, uzitazame dirishani mchana.

13. Toa hukumu, kisha uitumie

Hukumu iwe ya sentensi tatu. Inafanya nini vizuri, inashindwa wapi, inamfaa nani. Mfano: "Mchana inapiga ngozi vizuri sana. Usiku ikipita 1600 inaleta chenga. Inafaa mahafali, kipaimara na harusi za mchana." Ukisema hivyo mbele ya watu hutapingwa, kwa sababu hujasifia wala hujaponda. Umepima.

Na kama imefeli karibu kila kitu, feli nayo kwa heshima. Ikiwa ina ubovu, irudishe. Ikiwa ni dhaifu tu, ugeuze udhaifu wake kuwa utaalamu wako. Isiyoona usiku, tangaza kwamba wewe ni mpiga picha wa mwanga wa asili. Isiyokimbizana na bodaboda, tangaza kwamba unapiga picha za wazee. Wateja hawanunui kamera. Wananunua mtu anayejua mipaka yake na kufanya kazi safi ndani yake. Kamera ya kiasi mikononi mwa mtu wa namna hiyo hulipa kodi ya nyumba, wakati ile ya mamilioni iko shingoni mwa mtu anayesubiri kununua lenzi nyingine.

Kesho yake, chukua zile karatasi upeleke kwa wenyewe: mzee wa kibarazani, dada wa ukuta mweupe, mama wa Mwaloni. Ya kwanza wape bure. Watazipitisha mkono kwa mkono, watabishana nani ametoka vizuri, na kabla hujamaliza soda mmoja atakuuliza kama unapiga na za familia. Mtajie bei.